Kona Iliyomshinda Wifi

Wifi yangu alipoambiwa na daktari kwamba goti lake litapasuliwa Jumanne, hakuuliza kama litauma. Aliuliza kama Jumapili anaruhusiwa kumwendesha Mende.

Daktari, kijana mpole mwenye kalamu nyingi mfukoni kuliko karatasi za kuandikia, alitutazama kwa zamu, mimi na yeye, kama anayetafuta ni nani kati yetu hasa aliyeletwa kutibiwa. Ikabidi nimweleze. Mende si mdudu. Ni kile kigari cha kukalia chini, chenye magurudumu manne madogo na injini mgongoni, wale wa kwenye televisheni wanakiita gokati. Cha kwetu alikiunda mume wangu nyuma ya karakana yake ya useremala, kwa vyuma vya vitanda vilivyokataliwa na wateja na injini ya pampu ya maji, akakipaka rangi ya kahawia iliyobaki kwenye kazi ya makabati. Kikitoka mbio uani, kifupi, cha kahawia, kila mtu anaruka pembeni na kushika nguo zake. Jina lilikuja lenyewe.

Daktari akasema Jumapili aendeshe tu, kwa sababu baada ya upasuaji goti litakaa limenyooka kwa muda mrefu, na kama litakubali tena kukunjwa kiasi cha kuingia kwenye kitu cha chini namna hiyo, yeye hawezi kuahidi. Wifi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyetajiwa bei ya vitunguu. Lakini tulipofika kwenye ukumbi wa kusubiri alinishika mkono, akanivuta pembeni ya benchi.

"Wifi," akaniambia, "nataka mzunguko mmoja. Mzima. Bila kusukumwa."

Hapo lazima nieleze habari ya kusukumwa. Kila Jumapili mchana tunakwenda kwenye uwanja wa saruji nyuma ya ghala lililofungwa. Mlinzi wa pale ni mteja wangu, maana mimi kazi yangu ni kuziba pancha, kwa hiyo geti tunafunguliwa kwa salamu tu. Uwanja una umbo la kiatu: unaanzia kisiginoni, unakwenda mpaka kwenye ncha, unapinda, unarudi. Pale kwenye ncha ndipo penye kona. Ukifika unaachia mafuta ili usiende kujibandika ukutani, ukishapinda unakanyaga tena, na hapo ndipo Mende alipokuwa akikohoa kama mzee aliyepaliwa na uji, akitetemeka, akizima.

Mume wangu alikuwa na dawa yake. Watu wanamwita Injinia, jina walilompa kwa utani na yeye akalipokea kwa moyo mmoja. Akifika kwenye kona, mkono wa kushoto unabaki kwenye usukani, wa kulia anaupeleka nyuma, anajipinda kiuno, anavuta choki nusu. Choki ni kile kidude cha kubana hewa isiingie kwa wingi kwenye injini. Anaishikilia kidogo, anairudisha, na Mende anaondoka. Alitufundisha sote. Mimi niliweza, baada ya kuungua kiwiko mara kadhaa. Wifi hakuweza. Kiuno chake hakina hiyo kona ya kujipinda, na goti likazidisha. Basi kila Jumapili alikwenda vizuri mpaka kwenye ncha ya kiatu, akazima, akatulia pale na mikono juu ya usukani kama bosi anayemngoja dereva wake, mpaka mdogo wake akimbie kwenda kumsukuma. Injinia anafika akihema, anamwambia dada wewe ungebaki jikoni. Dada naye anamwambia asukume aache maneno.

Maana huyu wifi ndiye dada mkubwa wa mume wangu. Alipika kwenye shule ya bweni mpaka alipostaafu, na sasa anaishi nasi, chumba cha pembeni, akipika kwa kipimo kilekile, ndiyo maana majirani zetu wote wamenenepa. Mimi na yeye hatujawahi kukosana kwa sababu hatujawahi kunyamaziana. Ananiambia nimemnyang'anya mdogo wake, namwambia nimemtunzia.

Sasa, tatizo ni kwamba siku ile daktari anasema Jumapili aendeshe, Mende alikuwa maiti. Wiki iliyotangulia, Injinia, ambaye hukaza kila kitu kana kwamba kesho nyumba inahamishwa, aliipelekea spana kabureta mpaka ikapasuka sikio. Kabureta ndipo petroli na hewa vinapochanganyika kabla ya kuingia kwenye injini. Ikipasuka hapo pa kufungia, inavuta hewa ya wizi na injini haiwaki. Injinia aliigandisha kwa gundi yake ya mbao. Petroli ikailamba gundi ile kama asali. Basi akasema tutaona mwezi ujao, akimaliza vitanda vya bweni fulani. Nikamkumbusha Jumanne. Akasema anajua, anasikitika, lakini vitanda vina watu wanaovisubiri walale. Hakuwa na ubaya. Kwake yeye dada kuendesha au kutoendesha kulikuwa ni kusukuma au kutosukuma.

Alhamisi asubuhi nilifunga kibanda changu cha pancha, nikaifunga kabureta mbovu kwenye kitambaa cha jikoni, nikatoka na wifi na mkongojo wake.

Sisi wawili dukani hatuendi na maneno. Tunakwenda na kitu chenyewe kilichoharibika, tunakiweka kwenye kaunta, tunasema: nipe kama hii. Mimi nilifunzwa na kazi, maana nimeshawahi kuuziwa mpira wa baiskeli kwa gari la mkono na mtu aliyekuwa akiniita mpenzi mteja. Wifi yeye alifunzwa na jiko. Alipokuwa akinunulia shule, alikwenda sokoni na maharage machache ya gunia lililopita kwenye leso, na gunia lisilolingana nayo halikupanda mkokoteni. Kwa hiyo tulijiona tumejipanga vizuri sana.

Duka la kwanza mwenyewe aliitazama kabureta bila kuigusa, akasema siku hizi haziletwi, akarudi kwenye simu yake. La pili tulipewa ya msumeno wa kukatia miti, ndogo kama kiberiti, na kijana akatuhakikishia kwamba ukubwa si hoja. Wifi akamwuliza yeye huvaa viatu vya mtoto wa miaka mingapi. La tatu walitoa ya pikipiki. Ilikuwa na shingo ya mviringo na yetu bapa, lakini muuzaji aliigeuzageuza akasema itakaa tu, mama, ukiilazimisha kidogo. Wifi akamwambia hata yeye angekaa kwenye ile droo akilazimishwa kidogo.

Kila duka alikaa kupumzisha goti. Alikaa kwenye stuli, kwenye rundo la matairi, kwenye kreti la chupa za oili. Nikamwambia kumbe safari hii tumekuja kukagua viti vya mji mzima. Akasema mpaka sasa oili ndiyo inaongoza.

Mwisho wa mtaa ule wa spea kuna duka jembamba kama ujia, na ndani yake alikuwepo dada mmoja mwenye miwani iliyoning'inizwa shingoni kwa kamba ya kiatu. Huyu hakutuambia haziletwi. Alivaa miwani, akaigeuza kabureta yetu, akapulizia kitundu kimoja, akapanda ngazi. Alishuka na boksi, akaitoa nyingine, akaziweka mbili hizo bega kwa bega kwenye kaunta. Zilikuwa mapacha. Wifi alipima matundu ya bolti kwa kidole, akalinganisha kibakuli cha chini, akalinganisha mkono wa choki, akarudia kama anayechagua mchele. Hakuna kilichopungua.

Dada wa spea akatuuliza jenereta yetu ni ya ukubwa gani. Wifi akajibu hatuna jenereta. Dada akasema mbona hii ni kabureta ya jenereta.

"Mwanangu," wifi akamwambia, "sampuli umeiona au hujaiona?"

Dada akainua mikono akakubali kwamba ameiona. Tukaelewana kwamba ikitushinda tutairudisha na boksi lake, tukaondoka zetu tukitembea kama watu waliopewa cheo. Njia nzima wifi alicheka kuhusu yule dada, anauliza jenereta, mtu kaletewa kitu mkononi bado anauliza maswali.

Injinia aliifunga Ijumaa jioni. Nimsifu: alikata gasketi mpya, ya kuzuia hewa isipenye, kwa karatasi ngumu ya boksi, akaifanya nadhifu kuliko ya kiwandani, akavuta kamba ya kuwashia, na Mende akanguruma uani mpaka kuku wa jirani wakapanda ukuta. Akaingia, akaenda mpaka getini, akaachia mafuta, akageuza, akakanyaga. Mende akakohoa. Injinia akajipinda, akavuta choki nusu, akairudisha, akaja mpaka miguuni petu akicheka kwa furaha, akalipigapiga tangi. Akasema ndiye mwenyewe, Mende wetu, karudi na tabia zake zote.

Wifi naye alicheka. Lakini nilimwona akiupeleka mkono wake nyuma, pole pole, akijaribu aone unafika wapi. Haukufika mbali.

Mimi nikaanza kuwashwa kichwani. Kwenye kazi yangu, nikitia tyubu mpya na ikatoboka palepale ilipotoboka ile ya zamani, sitafuti tena kosa kwenye tyubu. Naingiza vidole ndani ya tairi natafuta msumari. Kabureta hii imetoka kwenye boksi jana. Imepata wapi ugonjwa wa zamani?

Nikamwuliza Injinia ile ya kwanza, iliyopasuka, aliitoa wapi. Akanijibu bila kusita, tena kwa majivuno. Injini ya pampu aliinunua haina kabureta kabisa, mtu alikuwa keshaichomoa. Jirani yetu kinyozi alikuwa na jenereta iliyoungua, akampa kabureta yake. Akaipachika, matundu yakalingana kama yamezaliwa pamoja.

"Matundu yalilingana," akarudia, akinionyesha kwa vidole viwili.

Basi nikaelewa, na sikuweza kumcheka, au nilimcheka kidogo tu. Mume wangu ni seremala. Bawaba ikikaa kwenye matundu yake, kazi imekwisha. Kitasa kikikaa, kazi imekwisha. Maisha yake yote, kitu ambacho matundu yake yanalingana ndicho chenyewe, na sisi wawili na kitambaa chetu cha jikoni tulizunguka mji mzima kutafuta pacha wa kosa lake, tukampata.

Wifi alinitazama. "Yule dada," akasema taratibu, "alituuliza jenereta."

Injinia akapinga. Akasema petroli ni petroli na hewa ni hewa, injini haina macho ya kujua kabureta imetoka kwa kinyozi au kwa askofu. Akasema Mende ana tabia yake na wenye akili wameizoea. Kisha akachukua ufagio akaanza kufagia sehemu ya karakana aliyokwisha kuifagia.

Jumamosi goti lilikataa. Matembezi ya Alhamisi lilikuwa limeyaandika na sasa lilitaka kulipwa. Na safari hii sikutaka kwenda na sampuli, nilitaka kwenda na injini yenyewe. Kwa hiyo ilikuwa rahisi: wifi akaingia kwenye Mende, mguu mmoja ameunyoosha nje kwa pembeni, mimi nikashika bomba la nyuma nikasukuma. Akanionya kabla hatujatoka getini kwamba kusukumwa huku hakuhesabiwi.

Fikirieni mtaa wetu Jumamosi asubuhi. Mafundi cherehani walisimamisha miguu. Muuza maji akauliza kama hii ni teksi, wifi akamjibu imejaa. Mteja wangu mmoja, ambaye nilikuwa nimemfungia kibanda siku mbili, akanifuata hatua kadhaa akilalamika kuhusu tairi lake, na wifi akamwambia asogee, asije akakanyagwa na dereva mgonjwa. Kwenye mteremko wa kuelekea mtaa wa spea niliachia bomba nifute jasho. Lilikuwa kosa. Wifi hakugusa breki. Alishuka mteremko mzima kimyakimya, mgongo wima, akipungia mkono upande huu na huu, na mimi nyuma nikikimbia na viatu mkononi.

Nilipofika, dada wa spea alikuwa tayari ametoka nje, amechuchumaa kando ya injini, miwani puani. Alikuwa akicheka bila sauti, mabega yanaruka.

"Kumbe ni kigari," akasema. "Mngeniambia, mama zangu."

"Ulituuliza," wifi akajibu. "Sisi ndio tuliokujibu kwa kichwa kigumu."

Tukamsimulia habari ya kona na choki ya Injinia, naye akatueleza palepale barabarani, akinyooshea kidole. Akasema jenereta ukiiwasha inakwenda mwendo mmoja mpaka uizime. Haiambiwi punguza, haiambiwi ongeza. Kabureta yake imetengenezwa kwa mwendo huo mmoja, ukiiachia na kuikanyaga ghafla inachanganyikiwa, petroli inachelewa, injini inakohoa. Ukibana hewa kwa choki unaisaidia kidogo, ndiyo maana ule ujanja wa mzee ulifanya kazi. "Lakini kosa si la dereva," akasema. "Mtu yeyote asiyefikia choki angezimikiwa."

Wifi akainama. Alikuwa akiufuta usukani kwa kona ya kitambaa chake cha kichwa, usukani ambao ulikuwa safi.

Ilibaki kupata kabureta ya pampu. Dada akapanda ngazi, akashuka. Akaenda nyuma, akarudi. Ya jenereta zipo, za msumeno zipo, ya pampu hakuna. Zitakuja katikati ya wiki ijayo. Iliyokuwepo dukani ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa imefungwa kwenye pampu mpya ya buluu aliyoiweka mlangoni wateja waione.

Katikati ya wiki ijayo wifi atakuwa amelala chali na mguu umening'inizwa. Nilimtazama nikingoja aseme neno, maana huyu ni mtu ambaye ana neno kwa kila mtu. Aliweka mkono juu ya goti akalikandamiza kama anayefunika sufuria. Nikakata tamaa kidogo, nikaanza kufikiria tutakavyopanda ule mteremko.

Halafu wifi akauliza hiyo pampu imekaa hapo mlangoni tangu lini. Dada akasema ni ya maonyesho, na akitoa kabureta itakuwa pambo tu.

"Ni pambo sasa hivi," wifi akamwambia. "Tazama, buibui kaoa, kajenga, na kwenye bomba la kutolea maji pale ana wapangaji."

Dada akageuka akatazama. Kweli palikuwa na utando, mzuri hasa, wenye vyumba. Akacheka mpaka akavua miwani. Lakini bado alisita, akauliza kwa nini isiwe wiki ijayo, haraka hii ya nini. Wifi akatazama upande mwingine. Nikasema mimi: Jumanne goti linapasuliwa, na daktari hajui kama litamruhusu kukaa humu tena. Wifi akanifinya paja kwa nguvu zake zote za kukanda unga. Dada akauangalia ule mguu uliotoka nje ya Mende kama mchi, akamwangalia mwenye mguu, akaingia ndani. Nilidhani anakwenda kuandika oda. Alirudi na spana.

Tukamrudishia ile ya jenereta na boksi lake. Wakati anaifungua ya pampu aliniambia kwamba buibui tutamwachia. Njia ya kurudi ni mlima mtupu, nilisukuma mpaka nikaona nyota mchana, na wifi akiwa ameipakata kabureta mapajani kwa mikono miwili kama yai, akinielekeza mashimo ya barabarani yalipo baada ya mimi kuyaingia.

Jumapili asubuhi Injinia aliifunga. Hakuombwa. Nilimkuta karakanani, milango imefunguliwa, redio imezimwa, anakaza bolti kwa vidole viwili kama anayemfunga mtoto kifungo. Aliunganisha waya wa mafuta, akafungua petroli, akavuta kamba. Mende akawaka. Injinia akaondoa mkono, akangojea azime, kwa sababu siku zote Mende usipokanyaga mafuta huzima. Hakuzima. Alibaki akinguruma chini chini, polepole, sauti moja laini kama mtu anayechekea puani. Nikauona mkono wa mume wangu ukienda nyuma, pale choki ilipokuwa zamani, ukakuta patupu. Kwenye hii choki iko upande wa pili. Ukarudi mfukoni.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na mkongojo.

"Kwa hiyo miaka yote hii dada ulikuwa unajua kuendesha," Injinia akasema. Alikuwa anaiambia injini.

"Nilikuwa najua."

"Nimekusukuma bure."

"Si bure," wifi akamwambia. "Tumbo lako ningelipeleka wapi?"

Injinia akacheka, akajifuta pua kwa mkono wenye grisi, akabaki na sharubu moja nyeusi mpaka jioni. Hatukumwambia.

Kule ghalani mlinzi alitufungulia geti. Kumwingiza wifi kwenye Mende ilichukua muda na maelekezo mengi: mimi nilishika kwapa, Injinia alishika kisigino, na yeye mwenyewe alituongoza kana kwamba tunashusha gunia la sukari kwenye stoo yake. Goti lilikubali mpaka mahali, likagoma, akalisemesha kidogo, likaingia. Injinia akavuta kamba. Alitaka kumpa mawaidha ya mwisho, nikamwona anafungua mdomo, lakini dada yake alikuwa keshakanyaga.

Alikwenda kwa adabu kutoka kisiginoni. Hakuwa na haraka. Upepo ulimvuta kile kitambaa cha kichwa, akakirudisha kwa mkono mmoja. Alivyozidi kwenda mbali ndivyo alivyozidi kuwa mdogo, mpaka akafika kwenye ncha ya kiatu, na hapo sauti ikashuka, maana ameachia mafuta. Injinia alikuwa ameanza kukimbia. Miguu yake ilikuwa haijaulizwa, ilijua tu kwamba ikisikia sauti ile inashuka, kazi inaanza. Nikamkamata shati.

"Mwache."

Akasimama, nusu yake huku nusu yake kule. Pale mbali wifi alikuwa anapinda, bega ameliinamisha kidogo tu, mikono yote miwili kwenye usukani. Mende alikuwa ananguruma chini chini. Nikahisi shati la mume wangu limelowa mkononi mwangu, sijui ni jasho lake au ni langu.

Halafu akakanyaga.

Hapakuwa na kikohozi. Sauti ilipanda kama maji yanavyojaa kwenye ndoo, na wifi akatoka kwenye kona akija upande wetu, akikua, akikua, kitambaa sasa kimeshuka shingoni na nywele zake za mvi ziko wazi. Injinia aliinua mikono yote miwili. Wifi alitupita bila kututazama. Mlinzi, ambaye hakujua habari yoyote ya goti wala kabureta, alipiga makofi hata hivyo.

Akaenda tena. Mzunguko wa pili aliachia mafuta kwa kuchelewa zaidi, mpaka mimi nikafumba jicho moja. Wa tatu tulisikia anaimba, au anafoka, injini haikuturuhusu kujua. Baada ya hapo alikuja akasimama mbele yetu kwa breki yake mwenyewe, kwa upole, gurudumu la mbele karibu liguse kiatu cha mdogo wake. Hakuzima. Alikaa pale na Mende akinguruma chini yake, na sisi tukasimama, wote tunasikiliza. Uso wake ulikuwa na vumbi, na vumbi lilikuwa na njia mbili za maji kutoka machoni, ambazo alidai ni upepo kabla hatujamwuliza.

Injinia akapiga magoti. Akaifunga kamba ya kiatu chake, akaifungua, akaifunga. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwamba, basi, sasa labda ni zamu yake aonje hii kabureta mpya.

"Kuna foleni," wifi akamwambia. "Na mimi niko mbele."

Akakanyaga, akatuachia moshi. Injinia akabaki amesimama katikati ya uwanja, mikono inaning'inia, Jumapili ya kwanza ambayo hakuna mtu wa kumkimbilia. Akaniuliza sasa tukae wapi. Nikamwonyesha ngazi za ghala, upande wenye kivuli, tukaenda tukakaa.